The Isley Brothers: Historia ya Bendi Iliyopigania Umiliki wa Sauti Yake

Bendi nyingi za Wamarekani Weusi zilizovuma katika miaka ya 1950 zilikuwa zimekwisha kusahauliwa miaka ya 1970 ilipoingia, na nyingi zilizotawala miaka ya 1970 hazikuhimili ujio wa mashine za ngoma na muziki wa hip hop. The Isley Brothers, bendi ya familia iliyoanzia kanisani katika mji wa Cincinnati, jimboni Ohio, ni miongoni mwa chache zilizopita katika vipindi vyote hivyo na kuingiza nyimbo katika chati kuu ya Marekani kwa miongo sita, tangu ule wa 1950 hadi ule wa 2000. Uhai huo mrefu huelezwa mara nyingi kwa kutaja sauti ya Ronald Isley, sauti nyororo yenye uwezo wa kupanda juu bila kukwaruza, na ni kweli kwamba bila sauti hiyo bendi isingekuwepo. Hata hivyo, kipaji peke yake hakitoshi kueleza kwa nini bendi hii ilidumu ilhali waimbaji wengine wenye vipaji walitoweka. Sababu mbili nyingine zilifanya kazi kwa pamoja: familia iliyokuwa ikizalisha wanamuziki wapya kila wa zamani walipohitaji nguvu mpya, na uamuzi wa mapema wa kumiliki rekodi na tungo badala ya kuishi kwa malipo ya kampuni za watu wengine. Sababu hizohizo mbili, undugu na umiliki, ndizo zilizokuja pia kuwagawa.

Muziki wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Jina la rhythm and blues, ambalo kwa kawaida hufupishwa kuwa R&B, lilianza kutumiwa rasmi mwaka 1949, pale jarida la biashara ya muziki la Billboard lilipoliweka mahali pa jina la zamani lililozitambulisha santuri za Weusi kwa rangi ya wanunuzi wake. Chini ya jina hilo jipya zilikusanywa nyimbo za aina nyingi zilizotokana na blues, jazz na nyimbo za injili, zikiunganishwa na mdundo mzito wa kuchezeka na mwimbaji kiongozi mwenye hisia kali. Kwa kuwa jina lilitaja soko kuliko mtindo mmoja, maana yake iliendelea kubadilika, likabeba soul katika miaka ya 1960, fanki katika miaka ya 1970, na nyimbo laini za mapenzi zilizopigwa kwa mashine baada ya hapo. Akina Isley walipita katika kila badiliko la aina hiyo, na katika machache walitangulia.

Kanisa na familia, 1954–1956

Chimbuko la bendi linapatikana katika uhamaji mkubwa uliowaondoa mamilioni ya Weusi kutoka majimbo ya kusini na kuwapeleka katika miji ya viwanda ya kaskazini katika karne ya 20. O'Kelly Isley, baba wa familia, alitoka North Carolina, na mkewe Sallye Bernice, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisani, alitoka Georgia. Wakaweka makazi Cincinnati na kuwalea wanawe sita wa kiume katika nyumba ambamo kuimba kulikuwa sehemu ya malezi. Baba, ambaye naye alikuwa mwimbaji, alitamani wanawe wawe kikundi cha kupendwa na taifa zima kama walivyokuwa The Mills Brothers, ndugu Weusi waliopata umaarufu kwa kupatanisha sauti.

Kikundi cha kwanza, kilichoanza mwaka 1954, kilikuwa cha nyimbo za injili na kiliwakusanya O'Kelly mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, pamoja na Rudolph, Ronald na Vernon, huku mama yao akiwasindikiza kwa kinanda katika ziara za makanisani. Vernon, mdogo wa hao wanne, ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi, na kikundi hicho kilishinda katika shindano la vipaji la Ted Mack lililokuwa likirushwa nchi nzima. Mwaka 1955 Vernon aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli na kufariki akiwa na umri wa miaka 13, na kaka zake wakaacha kuimba. Waliporejea kwa kuhimizwa na wazazi, nafasi ya kiongozi ilimwangukia Ronald, na nyimbo za kidunia zikachukua mahali pa zile za ibada.

Hata hivyo, kanisa halikuwatoka. Katika ibada za makanisa ya Weusi mhubiri au mwimbaji hutoa mstari mfupi na waumini huujibu papo hapo, naye huurudia kwa kuupandisha kidogo kidogo mpaka jengo zima linapoingia katika msisimko. Ufundi huo wa kuita na kuitikia hauhitaji ala nyingi, bali unahitaji kiongozi anayejua ni lini ashushe sauti na ni lini aiachie. Ronald aliujua tangu utotoni, na ndio uliompa yeye na kaka zake wimbo wao wa kwanza mkubwa.

New York na nyimbo mbili, 1957–1963

Mwaka 1957 O'Kelly, Rudolph na Ronald walipanda basi kwenda New York, mji uliokuwa na kampuni ndogo nyingi za kurekodi zilizokuwa zikitafuta vikundi vya vijana wa mitaani. Rekodi zao za mwanzo hazikupata wanunuzi wengi, ila zilisaidia kuwafungulia majukwaa ya kumbi za Weusi, ambako hadhira haikumvumilia msanii mzembe. Katika mojawapo ya maonyesho ya mwaka 1959 walikuwa wakiimba wimbo wa Jackie Wilson uitwao "Lonely Teardrops", na walipoona hadhira imesimama, Ronald aliurefusha kwa miito ya kikanisa na kaka zake wakaitikia. Kipande hicho cha kubuni papo hapo ndicho kilichogeuzwa kuwa "Shout", wimbo waliourekodi mwaka huohuo kwa kampuni ya RCA na kuugawa katika pande mbili za santuri kwa sababu ya urefu wake. Ulifika nafasi ya 47 tu katika chati kuu ya Billboard, lakini haukuacha kununuliwa, na hatimaye uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Mapato ya kipindi hicho yaliwawezesha kuihamishia familia yote New Jersey, karibu na New York.

Miaka mitatu baadaye ulikuja wimbo wa pili. "Twist and Shout" ulitungwa na Bert Berns na Phil Medley, na ulikuwa umekwisha kurekodiwa mwaka 1961 na kikundi kingine chini ya usimamizi wa Phil Spector bila mafanikio. Berns, ambaye hakuridhika na rekodi hiyo, aliupeleka kwa akina Isley, nao wakaurekodi mwaka 1962 kwa kampuni ya Wand na kuufikisha nafasi ya 17 katika chati kuu na ya pili katika chati ya R&B. Mwezi Februari 1963 The Beatles, waliokuwa wakiiga mpangilio wa akina Isley katika maonyesho yao ya Uingereza, waliurekodi kwa albamu yao ya kwanza, na baada ya muda mfupi dunia ikaufahamu kama wimbo wa The Beatles.

Tofauti kati ya nyimbo hizo mbili inaeleza mengi kuhusu hatua iliyofuata. Rekodi moja hubeba haki mbili: hakimiliki ya utunzi, yaani maneno na lahani, na haki ya rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa studioni. Wimbo unaporudiwa na msanii mwingine, malipo huenda kwa mwenye utunzi, na aliyeuimba kwanza hapati kitu hata kama namna yake ya kuimba ndiyo iliyoigwa. "Shout" ulitungwa na ndugu watatu wenyewe, kwa hiyo mwimbaji wa Scotland, Lulu, alipourudia mwaka 1964 na kuuingiza katika nyimbo kumi bora za Uingereza, watunzi walikuwa na haki ya mrabaha, ambayo ni malipo ya kila nakala inayouzwa. Katika "Twist and Shout", ambao waliupa uhai lakini hawakuutunga, umaarufu ulikwenda kwa The Beatles na mrabaha ukaenda kwa Berns na Medley.

T-Neck ya kwanza na mpiga gitaa mgeni, 1964–1965

Mwaka 1964 ndugu hao walianzisha lebo yao wenyewe na kuiita T-Neck, jina lililotokana na mji wa Teaneck waliokuwa wakiishi huko New Jersey. Lebo ni chombo kinachogharimia rekodi, kinachoimiliki na kuipeleka sokoni, na katika zama hizo ilikuwa nadra kwa wanamuziki Weusi kuwa na chombo cha namna hiyo. Rekodi ya kwanza, "Testify", ilimshirikisha mpiga gitaa kijana aliyekuwa amejiunga na bendi ya kuwasindikiza mwaka huo, Jimi Hendrix, ambaye wakati huo hakuwa akijulikana na ambaye alipewa nafasi ya kuishi katika nyumba ya familia.

Kibiashara lebo hiyo haikufanikiwa, kwa kuwa ilitegemea kampuni nyingine kusambaza santuri na haikuwa na fedha za kushindana katika vituo vya redio. Lakini ndani ya nyumba yaliachwa matunda ya aina nyingine. Ernie Isley, mdogo wao aliyekuwa na miaka 12, alimsikiliza Hendrix akifanya mazoezi kila siku, na gitaa lile lililolia kwa muda mrefu kama sauti ya mtu lilikaa akilini mwake kwa karibu miaka kumi kabla ya kujitokeza katika rekodi zake mwenyewe. Hendrix aliondoka mwaka 1965 na kuendelea na safari iliyomfikisha London na kwenye umaarufu wa dunia.

Miaka ya Motown, 1965–1968

Baada ya T-Neck kusimama, ndugu hao walitia saini mkataba na Motown, kampuni ya Berry Gordy iliyokuwa Detroit na ambayo ilikuwa kampuni ya muziki ya Weusi iliyofanikiwa kuliko zote. Motown ilifanya kazi kwa mgawanyo mkali wa majukumu, kwani watunzi walitunga, wanamuziki wa studio walipiga, waimbaji waliimba, na kamati iliamua ni rekodi gani zitoke. Kwa mfumo huo akina Isley walipata mwaka 1966 wimbo "This Old Heart of Mine", uliotungwa na Brian Holland, Lamont Dozier, Eddie Holland na Sylvia Moy, ambao ulifika nafasi ya 12 nchini Marekani na, ulipotolewa tena Uingereza mwaka 1968, ukafika nafasi ya tatu huko.

Wimbo huo ulikuwa mzuri, lakini ungeweza kuimbwa na kikundi chochote cha kampuni hiyo, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Watunzi wakuu walitoa kazi zao bora kwanza kwa The Supremes na The Four Tops, na wageni kutoka New Jersey walibaki wakingojea zamu. Ndugu waliokwisha kutunga nyimbo zao na kuendesha lebo yao walijikuta wakiazimwa sauti tu. Mwishoni mwa muongo huo waliondoka Motown wakiwa na jina kubwa Ulaya kuliko kwao, na wakaamua kuifufua T-Neck.

Kurejea kwa T-Neck, 1969–1972

Wimbo wa kwanza wa T-Neck mpya, "It's Your Thing", uliotoka mapema mwaka 1969 kwa usambazaji wa kampuni ya Buddah, ndio uliobadilisha mkondo mzima wa historia yao. Ulikuwa wa fanki, mtindo ambao James Brown alikuwa ameuweka wazi kwa kuhamisha uzito wa wimbo kutoka kwenye lahani kwenda kwenye mdundo, ambapo kila ala hupiga kipande kifupi kinachojirudia na kusukana na vipande vya wenzake. Besi ilipigwa na Ernie, aliyekuwa bado kijana wa shule. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya R&B na ya pili katika chati kuu, ukauza zaidi ya nakala milioni moja na kuwapatia tuzo ya Grammy mwaka 1970. Motown ilidai kwamba ulirekodiwa kabla ya mkataba wao kwisha, na mgogoro huo ukavutwa mahakamani kwa miaka kadhaa, lakini wimbo ulibaki mikononi mwa T-Neck.

Mabadiliko hayakuishia kwenye mdundo. Suti zinazofanana na hatua za kucheza kwa pamoja, ambazo zilikuwa desturi ya vikundi vya miaka ya 1960, ziliachwa, na mwezi Juni 1969 ndugu hao waliandaa tamasha lao wenyewe katika uwanja wa Yankee Stadium mjini New York na kulipiga filamu. Waliokuwa wameajiriwa kuimba sasa walikuwa waandaaji, wachapishaji na wenye kampuni.

Albamu ya "Givin' It Back" ya mwaka 1971 ilionyesha ujasiri wa aina nyingine. Kwa miaka kumi wanamuziki Weupe wa roki walikuwa wamechukua nyimbo za R&B na kuzipeleka kwa hadhira kubwa zaidi; sasa akina Isley walichukua nyimbo za Weupe hao, kuanzia James Taylor hadi Stephen Stills, na kuzirudisha katika lugha ya kanisa la Weusi. Kipande kizito zaidi kiliunganisha "Ohio" wa Neil Young, uliotungwa baada ya wanafunzi wanne kuuawa na askari katika Chuo Kikuu cha Kent State mwezi Mei 1970, na "Machine Gun" wa Hendrix, ambaye alikuwa amefariki mwaka huohuo. Kwa tendo hilo maombolezo ya chuo kimoja yaliwekwa pamoja na vita vya Vietnam na ghasia za mitaa ya Weusi, na aliyekuwa mgeni wa nyumba yao akakumbukwa bila kutajwa.

Watatu na watatu, 1973–1983

Katika miaka hiyo wadogo walikuwa wamekua. Ernie alipiga gitaa na ngoma, Marvin, ambaye ndiye aliyekuwa kitinda mimba, alipiga besi, na Chris Jasper, shemeji yake Rudolph kwa kuwa alikuwa ndugu wa mkewe, alipiga vinanda akiwa na mafunzo rasmi ya muziki. Mwaka 1973, baada ya usambazaji wa T-Neck kuhamishiwa kampuni kubwa ya CBS kupitia lebo ya Epic, vijana hao watatu waliingizwa rasmi kuwa wanabendi kamili, na albamu ya kwanza ya muungano huo ikaitwa "3 + 3" kwa sababu iliyo wazi: waimbaji watatu wakubwa na wapigaji watatu wadogo. Kikundi cha sauti kilichokuwa kikikodi wapigaji kiligeuka bendi inayojitosheleza, na gharama, siri na faida ya studio vikabaki ndani ya ukoo.

Albamu hiyo ilirekodiwa kwa msaada wa Malcolm Cecil na Robert Margouleff, mafundi waliokuwa wakifanya kazi na Stevie Wonder na waliokuwa na ujuzi wa sinthesaiza, ala ya umeme inayotengeneza sauti badala ya kunasa sauti ya nyuzi au upepo. Wimbo mkuu, "That Lady", ulikuwa wao wenyewe wa mwaka 1964 ulioandikwa upya, na tofauti kati ya matoleo hayo mawili ndiyo ushahidi bora wa kile ambacho vijana walikileta. Toleo la kwanza lilikuwa jepesi. La pili liliongozwa na gitaa la Ernie, lililopitishwa katika vifaa vya kukoroga na kuzungusha sauti hata likasikika kama linaogelea, likirithi moja kwa moja mazoezi ya Hendrix. Wimbo huo ulifika nafasi ya sita katika chati kuu.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa kilele. Albamu zilitoka karibu kila mwaka, na "The Heat Is On" ya mwaka 1975 ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu zote za Marekani, ikiwa na "Fight the Power", wimbo wa hasira dhidi ya mamlaka uliokuwa na neno moja kali ambalo vituo vya redio vililifunika. Mpangilio wa albamu hizo ulikuwa wa makusudi: upande mmoja wa santuri ulibeba nyimbo za kuchezeka, na mwingine nyimbo za polepole za mapenzi, ambamo Ronald aliimba karibu kwa kunong'ona juu ya vinanda vya Jasper. "Harvest for the World" ya mwaka 1976 iliongeza nasaha za amani na mgawanyo wa haki wa mali ya dunia, na kati ya 1977 na 1980 kila mwaka ulikuwa na wimbo wao mmoja ulioongoza chati ya R&B.

Muziki wa disko ulipoporomoka na bendi kubwa zenye wapiga tarumbeta zikawa ghali kuziendesha, akina Isley walikuwa na nafuu kwa sababu Jasper alikwisha kuzoea kuzijaza nafasi za ala nyingi kwa vinanda vya umeme. Albamu ya "Between the Sheets" ya mwaka 1983, yenye mdundo wa mashine na sauti chache zilizoachiwa nafasi ya kupumua, ilikuwa ya mwisho kwa wote sita, na ndiyo iliyotoa kielelezo cha nyimbo za mapenzi za R&B kwa miaka mingi iliyofuata.

Mfarakano, 1984–1989

Chanzo cha kugawanyika kilikuwa kimejengwa ndani ya utaratibu uleule ulioleta mafanikio. Majina ya wote sita yaliandikwa kwenye tungo kama ya watunzi sawa, ilhali sehemu kubwa ya muziki ilitoka kwa vijana watatu. Uongozi wa kampuni, kwa upande mwingine, ulibaki kwa wakubwa watatu waliokuwa wameianzisha. Heshima kwa kaka wakubwa ilizuia malalamiko kwa muda, lakini matatizo ya fedha ya mwanzo wa miaka ya 1980 yaliyafanya yasizuilike, na mwaka 1984 bendi ikagawanyika.

Vijana walijiita Isley-Jasper-Isley, na mwaka 1985 wakaongoza chati ya R&B kwa "Caravan of Love", wimbo wa upendo wenye mwelekeo wa kidini uliorudiwa bila ala na kikundi cha The Housemartins na kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi Desemba 1986. Wakubwa walihamia kampuni ya Warner, na T-Neck ikafungwa. Mwezi Machi 1986 O'Kelly alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 48, Ronald na Rudolph wakabaki wawili, na mwaka 1989 Rudolph aliacha muziki ili kuwa mhubiri. Katika muda wa miaka mitano bendi ya watu sita ilikuwa imebaki na mwimbaji mmoja, aliyeendelea kurekodi kwa msaada wa mtunzi na mtayarishaji Angela Winbush, ambaye baadaye alikuwa mkewe.

Sampuli, mahakama na kizazi kipya, 1990–2003

Kurudi kwao kulitokana na watu ambao wengi wao walikuwa watoto wakati albamu za miaka ya 1970 zilipotoka. Watayarishaji wa hip hop walikuwa wakikata kipande kifupi cha rekodi ya zamani, kinachoitwa sampuli, na kukizungusha kuwa msingi wa wimbo mpya, na albamu za akina Isley, zenye midundo ya polepole iliyorekodiwa kwa uwazi, ziliwafaa kuliko nyingi. Ice Cube alitumia "Footsteps in the Dark" wa mwaka 1977 katika "It Was a Good Day", na The Notorious B.I.G. alitumia "Between the Sheets" katika "Big Poppa" mwaka 1994. Kutumia sampuli kihalali kunahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, na kwa kuwa tungo hizo zilikuwa za bendi yenyewe, uamuzi wa mwaka 1969 ulianza kuzaa matunda ambayo hakuna aliyeyatarajia ulipofanywa.

Mahakama nayo ilithibitisha thamani hiyo. Mwaka 1991 Michael Bolton alitoa wimbo "Love Is a Wonderful Thing", na kampuni ya uchapishaji ya ndugu hao, Three Boys Music, ikadai kwamba umenakiliwa kutoka kwa wimbo wao wenye jina hilohilo uliotoka mwaka 1966. Katika kesi za namna hii mdai anapaswa kuonyesha kwamba mdaiwa alikuwa na nafasi ya kuusikia wimbo wa kwanza na kwamba nyimbo hizo zinafanana katika mambo ya msingi. Jambo la kwanza lilikuwa gumu, kwa sababu wimbo wa akina Isley haukuwahi kuvuma. Hata hivyo, jopo la wazee wa baraza mjini Los Angeles lilikubali madai yao mwaka 1994, wakapewa fidia ya dola milioni 5.4, mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu mwaka 2000, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuipitia. Wimbo ambao haukuwa na soko uliwaletea mamilioni kwa sababu tu haki yake ilikuwa imehifadhiwa.

Wakati huohuo Ernie na Marvin walikuwa wamerejea, na mwaka 1992 bendi iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi mashujaa wa muziki huo. Marvin alilazimika kuacha katikati ya muongo kwa sababu ya kisukari, lakini Ronald alipata kizazi kipya cha wasikilizaji kwa kuigiza katika video za nyimbo kama tajiri wa makamo aitwaye Mr. Biggs. Albamu ya "Eternal" ya mwaka 2001 iliuza zaidi ya nakala milioni moja, na "Body Kiss" ya mwaka 2003, iliyotayarishwa na R. Kelly, ilishika nafasi ya kwanza Marekani, jambo ambalo bendi haikuwa imelipata tangu mwaka 1975.

Jina na warithi wake, 2004–2025

Miaka iliyofuata ilikuwa ya hasara na heshima kwa pamoja. Ronald alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kukwepa kodi, akatumikia kifungo na kuachiwa mwaka 2010, mwaka ambao Marvin alifariki. Yeye na Ernie waliendelea kupanda jukwaani kwa jina la bendi, wakapewa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha mwaka 2014, na mwaka huohuo Kendrick Lamar akaujenga wimbo wake "i" juu ya "That Lady", ikiwa ni miaka 50 tangu toleo lake la kwanza. Mwaka 2022 waliimba na Beyoncé katika wimbo wao wa mwaka 1975 uliorekodiwa upya.

Swali la umiliki lilirudi kwa mara ya mwisho likiwa ndani ya familia. Mwaka 2023 Rudolph alimshtaki Ronald mahakamani akidai nusu ya haki ya jina la The Isley Brothers kama alama ya biashara, akisema kwamba jina hilo lilikuwa mali ya ubia wa ndugu wote. Rudolph alifariki mwezi Oktoba mwaka huo akiwa na miaka 84, na Chris Jasper akafariki mwezi Februari 2025.

Historia hii ya miaka 70 inatoa hukumu iliyo wazi kuliko inavyotarajiwa katika sanaa. Sauti ya Ronald na gitaa la Ernie viliwavutia wasikilizaji, lakini hakimiliki zilizotunzwa ndizo zilizowalipa wenyewe pale wengine walipozitumia kazi zao, na katika miaka ya Motown, walipoukabidhi uamuzi kwa kampuni nyingine, ndipo walipokaribia zaidi kusahaulika. Undugu uliwapa wanamuziki, uaminifu na kizazi cha pili, ila haukuweza kufanya kazi ya mkataba. Pale ambapo mgawanyo wa jasho, sifa na jina uliachiwa heshima ya kifamilia peke yake, bendi ilivunjika mwaka 1984, na ndugu wawili wazee wakafikishana mahakamani mwaka 2023. Bendi iliyowafundisha wanamuziki Weusi wa Marekani kudai haki zao kwa maandishi mbele ya kampuni ilipaswa kufanya hivyo pia mezani kwa mama yao.